Tahadhari za dharura Marekani: zitafsiriwe au wahamiaji wajifunze Kiingereza?

Mleta_Mada: Machi 2025 Trump alifuta amri ya Clinton ya mwaka 2000, ile iliyozitaka idara za serikali ziwahudumie na wasiojua Kiingereza vizuri. Sasa mafuriko yakija, mzigo ni wa nani? Hoja, si matusi.

Kobe_Mkavu: Wajifunze. Mtu ana miaka kumi kule, simu ikilia tahadhari anamwamsha mtoto wa darasa la tatu amsomee. Aibu.

Mama_Pacha: Kobe, huyo ni mimi, ila miaka ni sita. Ililia saa nane usiku, mlio wa kupasua masikio. Binti akasoma "flash flood warning", yaani mafuriko ya ghafla, akatafuta Kiswahili chake kidogo: "Mama, wanasema maji ya haraka." Nikaenda kukagua bomba la jikoni! Darasa la Kiingereza ni jioni, nami jioni niko zamu. Nieleze hiyo aibu.

Kobe_Mkavu: Sijataja mtu. Na hizo tafsiri mnazolilia? Alaska 2022, baada ya dhoruba ya Merbok, FEMA, shirika la serikali yao la majanga, ilitoa maelezo ya msaada kwa lugha za kule. Eti "mume wako ni dubu, mwembamba."

Juma_wa_Juma: 😂😂 Nimemsomea mke wangu, ameniangalia tumbo, akasema mwembamba yupi?

Chui_Bara: Mnacheka, ila Kobe kajifunga mwenyewe. Wale ni wenyeji wa Alaska. Wahamie wapi? Kampuni iliyovuruga ilitimuliwa, mwisho. Kumbukeni mafuriko ya kimbunga Ida, New York, 2021: watu walizama kwenye vyumba vya chini ya nyumba, wamo Wachina na Wanepali. Tahadhari za simu zilikuwa Kiingereza na Kihispania tu.

Kobe_Mkavu: Maji yakishaingia chumbani hata profesa wa Kiingereza anazama.

Mwl_Mstaafu: Kuna jambo mnaliruka. "Watch" na "warning" zote nimeona zikitafsiriwa "tahadhari". Ya kwanza: hatari inawezekana, jiandae. Ya pili: imefika au iko mlangoni, chukua hatua sasa hivi. Neno moja kwa yote mawili litaua mtu. Ya kwanza iwe angalizo, ya pili onyo.

Kobe_Mkavu: Onyo ni la mtoro shuleni, mwalimu.

Mwl_Mstaafu: Wewe ulipewa mangapi?

Mama_Pacha: Mimi niandikieni "maji yanakuja, panda juu". Basi.

Chui_Bara: Na wa ghorofa ya kumi apande wapi?

Dubu_Mwembamba: Juma hapa, nimebadilisha jina. Niko na mwalimu: angalizo.