Wakuu, spidi yangu ya kuogelea naipimaje? Bwawani 2:32, ziwani saa inasema 2:10

Baiskeli_Kwanza
Wakuu habari za muda huu. Mi nimetokea kwenye baiskeli na kukimbia, kuogelea nimejifunzia ukubwani, triathloni nimeipenda ila kwenye maji ndo napopata tabu. Ishu iko hivi, bwawani (la mita 25) mita 1,500 natumia kama dakika 38, yaani 2:32 kwa kila mia. Juzi nimeshiriki mashindano ziwani, umbali huohuo, nimetoka majini dakika ya 41 lakini saa ya mkononi inaniambia nimepiga mita 1,890 kwa 2:10 kwa mia 😂 Sasa nishike lipi, nimeongeza spidi au nimezidi kuwa mzito? Na kwa sisi wa kujifurahisha spidi gani inahesabika nzuri? Mwakani nataka nijaribu nusu Ironman (nusu ya zile triathloni ndefu), kuogelea ni mita 1,900. Mazoezi nimeongeza ila muda umegoma kushuka. Nawasilisha.

Kasa_Mzee
Hiyo 2:10 isahau mkuu. Mawimbi ya GPS hayapiti majini na mkono wako muda mwingi uko chini ya maji, kwahiyo saa inadaka satelaiti pale mkono unapochomoza tu halafu inaunganisha nukta zenyewe kwa kubahatisha, mstari unatoka kama mlevi anarudi nyumbani. Na inawezekana na wewe ulikuwa unapinda kweli, boya liko kulia we unaelekea kushoto, hizo mita za kupinda nazo zimo humo. We chukua dakika 41 gawa kwa 15, unapata 2:44. Hiyo ndo yako ya ziwani, labda kama waandaaji walipima njia vibaya.

Kuachana sekunde 12 na bwawani wala si ajabu. Kwenye bwawa la mita 25 mpaka umalize 1,500 umegeuka mara 59 na kila ukigeuka unasukuma ukuta kwa miguu, ile ni spidi ya bure. Ziwani ukuta hamna, kuna mawimbi, kuna mateke ya watu usoni na kila saa unainua kichwa kutafuta boya.

dada_mapezi
Kuongezea tu kwa Kasa, ukilinganisha muda wako na wa mtu muulize kwanza bwawa lake lina urefu gani. Kuna mabwawa ya yadi 25 ambayo ni mita 22.86 tu, mtu anakutambia 1:50 kumbe hata mia hajafika.

Sub10_Siku_Moja
Spidi nzuri inategemea unajipima na nani. Bobby Finke wa Marekani alipiga 1,500 kwa 14:30.67 Olimpiki ya Paris 2024, ni kama sekunde 58 kwa mia, huyo tumwache na maisha yake. Upande wa pili kuna muda wa mwisho wa kutoka majini, Ironman kamili mita 3,800 kawaida wanakupa saa 2 na dakika 20, nusu wanakupa saa 1 na dakika 10, zote zinaangukia kama 3:41 kwa mia. Na 2:44 yako 1,900 utamaliza kwenye dakika 52, hawakutoi. Kwa ninavyoona mimi mtu aliyejifunza ukubwani akiwa chini ya 2:00 huyo anaogelea, na 2:00 mpaka 2:30 ndo tuliko wengi humu, tusidanganyane.

Ila ushauri wangu, rudi kwenye baiskeli. Ukitoka 2:32 ukafika 2:20 umeokoa dakika 3 kwenye 1,500. Kilomita 40 za baiskeli ukitoka 28 kwa saa ukafika 30 umeokoa karibu dakika 6. Hesabu hiyo.

Kocha_wa_Lepu
@Sub10_Siku_Moja hesabu iko sawa ila umeacha kitu, mtu anayepigana na maji dakika 40 anafika kwenye baiskeli mapigo ya moyo yako juu na mabega yamekufa, hizo 30 kwa saa atazitoa wapi?

Mleta uzi, acha kujipima kwa 1,500 kila wiki, unachoka bure. Fanya hivi: pasha mwili, piga mita 400 kwa nguvu zako zote, pumzika vizuri, kisha piga 200 kwa nguvu zote. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, kinachobaki gawa kwa mbili. Hiyo ndo spidi unayoweza kuishikilia muda mrefu bila kukata pumzi. Rudia baada ya wiki sita hivi, bwawa lilelile. Usianze 400 kwa fujo maana ukifia njiani kipimo kinaharibika. Halafu siku nyingine piga mita mia mara kadhaa umebana boya (lile dogo la mazoezi, sio la ziwani) katikati ya mapaja, mateke usipige kabisa, ulete muda.

Baiskeli_Kwanza
Nimerudi wakuu. 400 nimetoa 9:12, 200 nimetoa 4:20. Yaani 292 gawa kwa mbili, 2:26. Na boya mapajani mia naenda 2:17 bila kutoa jasho, hii imenishangaza, inakuwaje nisipopiga mateke ndo naenda haraka??

Kocha_wa_Lepu
Basi mgonjwa kaonekana. Miguu yako inazama, boya likiinyanyua unakwenda. Maji ni mazito kuliko hewa kama mara 800, na ukitaka kuongeza spidi ukinzani unapanda kwa mraba, ndo maana umeongeza mazoezi na muda hauji, unatumia nguvu kuburuta mapaja yako mwenyewe. Nyie wa baiskeli na mbio mnapenda kukunja goti na kifundo kimekakamaa, ule mguu badala ya kusukuma unapiga breki.

Angalia chini sio mbele. Toa pumzi polepole uso ukiwa majini, usiibane mpaka unapogeuka, na ukivuta hewa geuza kichwa usikiinue, jicho moja libaki majini. Teke dogo litokee nyonga. Mkono ukiingia usivuke katikati ya kichwa, na kiwiko kibaki juu kuliko kiganja ndo uvute. Usiyashike yote siku moja, chagua moja.

Spidi yenyewe: mita mia mara kumi, kila moja kwa 2:26, pumzika sekunde 20. Ya kumi ifanane na ya kwanza. Ukizimudu, pumziko lishuke sekunde 15, zikizoeleka ndo shuka 2:24. Na bora mara tatu fupifupi kwa wiki kuliko mara moja ya kufa mtu.

dada_mapezi
Si avae tu wetisuti, ile nguo ya mpira ya kuogelea, inanyanyua miguu kama hilo boya?

Kocha_wa_Lepu
Itamsaidia siku maji yakiwa baridi. Ironman wenyewe maji yakizidi nyuzi 24.5 ukivaa huingii kwenye zawadi, na yakizidi sana hairuhusiwi kabisa. Ajifunze bila hiyo kwanza.

Kasa_Mzee
Na kuogelea nyuma ya miguu ya mtu ni halali, tofauti na baiskeli kwenye mbio nyingi zetu. Tafuta anayekuzidi kidogo, ganda kwenye mapovu yake. Ila we mwenyewe endelea kuangalia boya, maana na yeye akipotea mnapotea wote.