Ndege mwenye miguu sita, Mtama: macho yangu au?

Mwalimu Mgeni
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia Mtama, mkoani Lindi, tangu Januari. Jumamosi bodaboda alinishusha kando ya Mto Lukuledi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye kile kinamasi ambacho wenyeji wanasema kililimwa mpunga mpaka kikakauka, kikaachwa, matete yakarudi. Umande umenilowesha mpaka magotini, vyura wanapiga kelele huwezi kusikia simu ikiita.

Kulipopambazuka nikamwona ndege wa kahawia, kisogo cheusi, ana kingao cha bluu kwenye paji. Anatembea juu ya majani ya yungiyungi kama yuko sebuleni kwake, vidole virefu kama njiti za fagio. Nikasogea. Akachutama, akainuka. Miguu sita! Nikafuta miwani, nikahesabu tena. Sita. Sawa, nilikuwa sijanywa chai, lakini si kwa kiasi hicho.

Korosho Ghafi
Mwalimu, hivyo viazi pori vya juzi, ming'oko, viliiva kweli? 😂

Binti Lukuledi
Muacheni mwalimu, kaona sawasawa. Huyo ni dume, na miguu minne si yake. Jike wa ndege hao akishataga anakwenda kwa dume mwingine. Kulalia mayai na kulea ni kazi ya baba. Akiona hatari anachutama, vifaranga wanaingia chini ya mbawa, anawabana anaondoka nao, vimiguu vinaning'inia nje. Vifaranga wawili, hesabu imekamilika. Na hatari yenyewe ilikuwa wewe kusogea. Siku nyingine kaa chini, jua liwe mgongoni, watakuja wenyewe.

Hapo palipokuwa na yungiyungi mimi nimepanda mpunga nikiwa darasa la tano. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini karatasi haioteshi tete. Watu waliacha majaruba yao. Baba yangu mdogo aliacha mawili, na mpaka leo ukimtajia ndege ananuna.

Korosho Ghafi
Ba'mdogo ana haki ya kununa. Jaruba si mchezo.

Mwalimu Mgeni
Asante sana dada. Nimemsomea mke wangu jibu lako. Kasema Jumamosi twende wote, na mtoto nitambeba mimi.