Kifaransa: mtu akiuliza kwa kukanusha, nijibu "oui", "non" au "si"?

Binti_wa_Keko
Wakuu, habari za leo. Nipo ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, meza yangu ni mizigo ya Kongo inayopita Tunduma kwenda Lubumbashi. Upande wa mteja kuna mama mmoja Mbelgiji, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, na kila asubuhi ananiandikia WhatsApp. Maswali yake karibu yote yanakuja kwa kukanusha: "Le camion n'a pas encore passé la frontière ?" Yaani lori bado halijavuka mpaka? Kwa Kiswahili ningemjibu "Ndiyo, bado" tukaendelea na mengine. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni anasema hapo ni "non". Dereva wetu Mkongo, mtu anayekimwaga Kifaransa kama maji, anasema "oui". Nimsikilize nani? Na hiyo "si" inaingilia wapi? Naombeni mifano ya kazini, ile ya paka yuko juu ya meza nimeichoka.

Mwl_Mstaafu_Moro
Msikilize mwalimu wako, binti. Kiswahili kinamjibu muulizaji: "Hujala?" "Ndiyo, sijala", maana yake umesema kweli. Kifaransa hakina habari na muulizaji, kinatazama jambo lenyewe, limekuwa au halikuwa. Lori halijavuka? "Non, pas encore." Mnakubaliana wewe na huyo mama, lakini neno ni "non" vilevile. Limevuka? Hapo ndipo pa "si": "Si, il est passé ce matin." Swali limekuja na kanusho, wewe unasema jambo lipo. Likija bila kanusho, "Le camion est passé ?", ni "oui" au "non" tu, "si" iweke mfukoni.

Kuna mtego mmoja niliwategea wanafunzi kila muhula: "Il est passé, n'est-ce pas ?", yaani limevuka, siyo? Wakiiona "pas" wanarukia "si". Swali halijakanushwa hapo! Jibu ni "oui".

Sasa mfano wa ofisini kwako: "Il ne manque rien dans le dossier ?" Faili likiwa limekamilika: "Non, rien." Kama BL, ile hati ya shehena, haijafika: "Si, il manque le connaissement." Ukimwandikia "oui" kavu, mama wa watu atajuaje kama makaratasi yametimia au lori linakwenda kulala Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo?

Mulushois
Miye niko Lubumbashi. Dereva wenu msimuonee, huku wengi tunajibu vile. Kifaransa chetu kinatembea na Kiswahili ndani. Mama anauliza "Tu n'as pas mangé ?", mtoto anajibu "oui", na sahani ya bukari, ugali wenu, inaletwa. Hakuna anayechanganyikiwa. Ila Mbelgiji atasikia kingine kabisa.

Dada, kwa kazi ya lori usitume "oui" ama "non" peke yake, kwa mtu yeyote. Weka mahali gari liko: "Non, il est encore à Nakonde", yaani bado liko Nakonde, upande wa Zambia ukivuka Tunduma. Hata kama mnajibu tofauti, Nakonde ni Nakonde, kila mtu anaelewa halijafika. Na ukimuuliza dereva, usimuulize kwa "ne pas". Muulize "Tu es où ?", uko wapi?

Mapokezi_Nungwi
Mulushois kamaliza kazi, hilo la kutaja mahali ndilo la kushika. Mimi niongeze ya hotelini, maana huku Wafaransa tunao kila msimu. "Vous n'auriez pas un adaptateur ?" Hilo si kanusho la kweli, ni adabu, kama sisi tunavyosema "Huna chenji hapo?" Unacho: "Si, bien sûr." Huna: "Non, désolé." Akikuuliza "Ça ne vous dérange pas si je laisse ma valise ici ?" mpe "Non, allez-y", yaani halinisumbui, liache. Ukimwambia "si" umemwambia begi lake linakukera!

Na jengine wanaoanza kazi hawaambiwi. Unakuja na birika: "Encore du café ?" Mgeni anafunika kikombe kwa kiganja na kusema "Merci." Hataki huyo. Ukimmiminia utaunguza mkono wa mtu. Anayetaka atasema "Volontiers" au "Je veux bien".

Binti_wa_Keko
Nashukuruni sana. Leo kauliza "Vous n'avez pas le numéro de la remorque ?" Nimemjibu "Si, je vous l'envoie", nikatuma na picha ya trela kabisa. Kajibu "Parfait". Mwalimu, la mwisho: akiuliza "Vous avez un autre camion ?" nami sina, nasema "pas un autre"?

Mwl_Mstaafu_Moro
"Non, nous n'avons pas d'autre camion." Ile "un" ikikanushwa hugeuka "de", na mbele ya irabu inabaki "d'". Isipokuwa kwa kitenzi "être": "Ce n'est pas un camion, c'est une remorque." Hapo "un" haiguswi.