Mchezaji wa besiboli ni mwanamichezo kamili, au ni mtu wa kusimama tu?

Wakuu, juzi asubuhi pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, tulikuwa tunasubiri mitumbwi ya dagaa, jamaa mmoja akafungua simu tukaangalia besiboli ya Marekani. Akaonekana mchezaji mwenye kitambi, amesimama, anatafuna bigijii. Ubishi ukawaka hapohapo. Wengi wakasema yule si mwanamichezo: hakimbii, hatoki jasho, saa zinakwisha watu wamesimama tu. Nilibaki peke yangu upande wa pili, na bado nipo hukohuko.

Naona tunachanganya mwanamichezo na mwanariadha. Tukisikia michezo akili inaenda kwa Filbert Bayi na mbio zake za mita 1,500. Pumzi ni kipimo, sikatai, ila si kipimo pekee.

Chukueni rede, mnayoiona kila jioni Mabatini. Binti yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa, wenzake wawili wanamrushia mpira wa soksi kutoka pande mbili. Anainama, anadaka kwa mkono mchanga wa mwisho, anapinda kiuno mpira unapita kwenye sikio. Hajakimbia hata hatua kumi, lakini mwambie mtu mzima aingie pale katikati uone.

Besiboli nayo ni macho na mkono. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika chini ya nusu sekunde. Katika muda huo mpigaji aamue apige au auache, kisha azungushe gongo. Anayefanikiwa mara 3 katika 10 anahesabiwa hodari. Mrushaji naye anaumia: mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpandikizia mrushaji Tommy John mshipa mgumu (kano) kwenye kiwiko kilichochanika kwa kurusha, na operesheni hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina la mchezaji huyo. Kazi ya kusimama tu haichani kiwiko.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu inayonigusa. Yupo mchezaji ambaye kazi yake ni kupiga tu, timu ikilinda yeye anakaa benchi. Huyo kweli anatia shaka. Lakini mwaka 2024 Shohei Ohtani, ambaye kwa kawaida hurusha na kupiga, alicheza nafasi hiyohiyo, mkono ukiwa bado unapona baada ya operesheni hakurusha msimu mzima, na akapiga mipira 54 ya kuzunguka vituo vyote vinne vya uwanjani (home run) na kuiba vituo 59. Kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe, ni mbio za kasi za mita 27 hivi, na mlinzi anakusubiri na mpira. Msimu mmoja una mechi 162.

Sasa mnaopinga nijibuni hili: golikipa wa Pamba anaweza kumaliza dakika 90 pale CCM Kirumba bila kutoka kwenye boksi lake. Naye tumfute kwenye orodha ya wanamichezo?