Nauziwa dola ya Morgan 1884-S haina plastiki, nichukue au niachane nayo?

Mtoto wa Uswazi: Wakuu salama? Niko Ohio mwaka wa tano huu, nakusanya dola za siliva za Marekani, hizi Morgan zilizopigwa 1878 mpaka 1904 halafu tena 1921. Nilianza na 1881-S (hiyo S ni alama ya kiwanda cha San Francisco) ya MS65, yaani daraja la juu la sarafu ambayo haijatumika, bei haikuniumiza. Sasa kuna mzee nilikutana naye mnadani ananiuzia 1884-S, anaapa haijawahi kuingia mtaani tangu itoke kiwandani na kweli inang'aa balaa, ila haijapimwa daraja na kufungwa kwenye plastiki na kampuni yoyote, iko kwenye bahasha tu. Hela anayotaka ni akiba ya miezi minane na wife hajui. Zilipigwa 3,200,000, mbona ghali hivi? Jumamosi anataka jibu.

Mizani: Mkuu tulia kwanza. Wingi wa kupigwa usikudanganye. 1881-S zililala kwenye magunia ya hazina, elfu moja kila gunia, ndo maana mpya zimejaa mpaka leo. 1884-S ziliingia mtaani zikatumika zikachakaa, kwahiyo iliyochoka unaipata kwa bei ya kawaida kabisa ila mpya ya ukweli ni hela ya kiwanja. Hapo katikati ndo wajanja wanakula, wanachukua iliyotumika kidogo tu wanaipolishi wanakuuzia kama mpya. Na mizani haikusaidii, gramu 26.73 zitasoma karibu vilevile. Iweke chini ya taa moja uizungushe taratibu, mng'ao wa kiwandani unatembea kama spoku za baiskeli, wa kupolishi umeganda tu. Halafu cheki nywele juu ya sikio la yule mama aliyechorwa mbele na kifua cha ndege tai wa upande wa nyuma, ndo panaanza kulika.

Kobe Mkavu: Sarafu sizijui ila hapo kwenye "wife hajui" ndo umenikuna 😂

Binti Malindi: Kaka nisikilize mie. Bibi yetu Unguja alituachia reale za Maria Theresa, zile zote zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa juzi. Ami akazisugua kwa majivu na ndimu siku ya Idi, alivyofurahi! Tulipozipeleka Muscat mnunuzi wala hakuzigeuza, akazitia kwenye mizani akalipa siliva basi. Kung'aa si hoja.

Mtoto wa Uswazi: Duh. Kwahiyo nimwambie nini huyu mzee?

Mizani: Mwambie muipeleke pamoja PCGS au NGC, zile kampuni za kupima daraja za sarafu, gharama unalipa wewe, ikirudi MS unampa hela yake yote siku hiyohiyo. Kama anaiamini hana cha kupoteza. Na siku ukinunua iliyoko kwenye plastiki, ile namba iliyoandikwa juu yake itafute kwenye tovuti yao ulinganishe na picha maana plastiki nazo zinafojiwa. 1893-S ndo usiiguse kabisa bila hiyo, zilipigwa 100,000 tu na watu wanabandika S kwenye 1893 ya kawaida.

Mtoto wa Uswazi: Mrejesho. Nimempigia, kawa mkali, eti namuona tapeli na kuna mteja mwingine yuko njiani anakuja na keshi.

Mizani: Mwache aje.