Naomba ushauri: ni kosa gani la mwanafunzi linalostahili kuitiwa polisi?

Mwalimu wa Nidhamu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya sekondari, na nimekabidhiwa kazi ya kuandaa utaratibu utakaopelekwa kwenye bodi ya shule kuhusu makosa ya wanafunzi yanayoweza kufikishwa polisi. Utaratibu wa namna hiyo hatujawahi kuwa nao. Kila mkuu wa shule aliyepita aliamua kwa busara yake, na huyu tuliye naye anaona kwamba heshima kwa walimu imeporomoka kiasi cha kuhitaji mkono wa dola.

Kilichozua mjadala ni kijana wa kidato cha tatu aliyekutwa na simu darasani akakataa kuitoa. Mwalimu wa somo alimwamuru atoke nje, akakataa pia, akabaki ameketi huku amefumbata mikono, simu ameikalia. Mkuu wa shule alipiga simu kituoni, wakaja askari wawili wenye sare, wakasimama mlangoni tu, na kijana akaitoa simu bila kusema neno. Wengi katika ofisi ya walimu walisema dawa imepatikana. Utulivu ulidumu kwa muda mfupi, kisha likazuka jambo linalonikosesha raha: mwanafunzi akiambiwa achomekee shati au aache kupiga soga, hujibu kwa upole kabisa, "Basi mwalimu, waite polisi," na darasa zima huangua kicheko.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Kwanza, mpaka kati ya kosa la shule na kosa la polisi uwekwe wapi? Pili, polisi wakija wenyewe kumtaka mwanafunzi kwa mahojiano, wajibu wetu kama walimu ni upi?

Mama Wawili

Mwalimu, heshima yako. Naomba nitofautiane mapema na wale watakaokuja kusema kwamba polisi hawana kazi shuleni. Mwanangu alitishiwa kisu na mwenzake nyuma ya bweni, na uongozi wa shule yake ukaliita tukio hilo utani wa vijana. Mkosaji akapewa adhabu ya kufyeka majani, na kesho yake wakaketi dawati moja. Nilipouliza kwa nini polisi hawakuarifiwa, nilijibiwa kwamba jina la shule lingechafuka. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi sioni ubaya ulimwengu huo ukimfunza mtu angali mwanafunzi, kabla hajamdhuru mtoto wa mwenzake.

Afande Mstaafu

Mama Wawili, pole kwa yaliyompata kijana wako. Kisu kile kilikuwa cha kwetu, na shule iliyokificha ilimkosea mwanao na ikamkosea hata huyo aliyekishika. Suala la simu aliloleta Mwalimu, hata hivyo, halikuwa la kwetu polisi.

Nieleze kwa upande wa askari, kwa kuwa walimu wengi hawauoni. Askari anapoingia darasani huwa na nyenzo chache mno: hutoa amri, na amri ikikataliwa, hatua inayofuata ni nguvu au pingu. Hana alama za kukata, hana mzazi wa kumwita, hamjui mtoto huyo alilala wapi jana. Kijana aliyemkaidi mwalimu ana kosa la utovu wa nidhamu. Kijana huyohuyo akimkaidi askari dakika tano baadaye, anaweza kuwa na kesi ya kumzuia afisa kutekeleza kazi yake, ingawa alichokifanya ni kilekile, yaani kuketi na kukataa. Shule yenu ilibahatika kwamba kijana alitii. Mwaka 2015, katika shule moja ya sekondari huko South Carolina, Marekani, ugomvi ulioanzia kwenye simu vilevile uliishia kwa afisa wa polisi kumpindua msichana pamoja na dawati lake na kumburuta sakafuni mbele ya wenzake, ambao walikuwa wakirekodi. Afisa huyo alifukuzwa kazi. Msichana alikamatwa, na mwanafunzi mwenzake aliyepaza sauti kupinga alikamatwa pia, chini ya sheria ya jimbo iliyofanya kuvuruga shule kuwa jinai. Sheria hiyo ilikuja kurekebishwa mwaka 2018.

Kwa hiyo, Mwalimu, mpaka ninaokupendekezea ni huu: jiulize kama kitendo kilekile kingekuwa jinai endapo kingefanywa na mtu mzima nje ya lango la shule. Kutishia kwa silaha, kujeruhi, kubaka, kuuza dawa za kulevya na kuchoma bweni hayana mjadala. Kujibu kwa kiburi, kuchelewa, kutoroka kipindi na kukataa kutoa simu si jinai kwa mtu yeyote.

Wakili wa Pembeni

Kipimo cha Afande ni kizuri, ila kina tundu. Kusukumana uwanjani na kuchukua kalamu ya mwenzako bila idhini ni jinai kwa maandishi ya sheria, na ukikifuata kipimo hicho kikavu utajaza karandinga kila wiki. Kiongezewe uzito wa madhara na umri wa mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika Ibara ya 28, unataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto, na Ibara ya 37 inataka kumkamata mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Kamati inayosimamia Mkataba huo ilizihimiza nchi mwaka 2019 ziweke umri wa kuwajibika kwa jinai usiopungua miaka 14, kwa hiyo angalia sheria ya nchi yako inasemaje, kwa sababu baadhi ya wanafunzi wako wa kidato cha kwanza huenda hawawezi kushtakiwa kabisa.

Kuhusu swali lako la pili, tafadhali lipe nafasi kubwa katika utaratibu wenu, maana ndipo walimu wengi hujikwaa kwa nia njema. Katika kesi ya J.D.B. dhidi ya North Carolina, mwanafunzi wa miaka 13 alitolewa darasani, akapelekwa kwenye chumba cha mikutano na kuhojiwa na polisi kuhusu wizi wa majumbani, huku maofisa wa shule wakiwepo. Mahojiano yalipoanza hakuambiwa kwamba anaweza kuondoka, wala bibi yake aliyekuwa mlezi wake hakupigiwa simu, na naibu mkuu wa shule alimsihi afanye lililo sawa. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba umri wa mtoto lazima uzingatiwe katika kupima kama alijiona yuko huru kuondoka. Uamuzi huo haukufungi wewe nje ya Marekani, lakini picha yake itazame vizuri: mtoto aliyezoezwa kumtii mwalimu hawezi kutofautisha ombi la mwalimu na amri ya polisi aliyeketi kando yake. Mzazi aarifiwe kabla ya swali la kwanza, mahojiano yasubiri afike, na mwalimu asigeuke kuwa mhoji.

Mwalimu Mkongwe

Nimewasoma wote kwa makini. Mama Wawili, kwa heshima zote, ulimwengu huwa unakuja wenyewe bila kuitwa. Shule ipo ili umkute mtoto ameandaliwa.

Mwalimu mwenzangu, jibu lile la "waite polisi" lisikuudhi, kwa sababu wanafunzi wako wamesoma tukio kwa usahihi kuliko ofisi ya walimu. Walimwona mwalimu akishindwa, wakamwona mkuu wa shule akishindwa bila hata kujaribu, kisha wakaona sare ikishinda. Waliogopa sare, na sare ilipoondoka iliondoka na heshima yote iliyokuwa imebaki. Adhabu ndogo inayotolewa na mwalimu mwenyewe, iliyotangazwa mapema na isiyobagua mtoto wa mjumbe wa bodi, ina nguvu kuliko askari wawili mlangoni.

Mwanafunzi akikataa kutoa simu, usishindane naye mbele ya hadhira ya vijana arobaini, kwa kuwa hapo hata mpole hulazimika kuwa shujaa. Mwambie mara moja, kwa sauti ya kawaida, kwamba jambo lake litaendelea baada ya kipindi, kisha rudi ubaoni ufundishe. Kengele ikilia, mwite peke yake pamoja na mwalimu wa darasa. Wengi huitoa simu hapohapo. Asiyeitoa, mzazi huitwa, na haingii darasani mpaka kikao kifanyike. Ni njia ya polepole, na siku hiyo utajisikia umedharauliwa, lakini mamlaka yanabaki mikononi mwako.

Mwalimu wa Nidhamu

Nawashukuru sana. Nimeanza kuandika kifungu kinachosema kwamba ukaidi pekee, hata ukirudiwa, hautaitiwa polisi, na kingine kinachotaka mzazi aarifiwe kabla ya mahojiano yoyote. Kinachonisumbua sasa ni nani aamue kwamba tukio limevuka mpaka. Nilikuwa nimeandika mkuu wa shule.

Mama Wawili

Hapo ndipo ninapokataa, Mwalimu. Nakubali kuhusu simu, lakini mkuu wa shule ndiye huyohuyo mwenye jina la kulinda. Ukimwachia yeye peke yake, kisu kitaitwa utani tena.

Afande Mstaafu

Mama Wawili yuko sahihi. Silaha, jeraha linalohitaji hospitali na kosa lolote la kingono visiwe vya kuamuliwa na mtu; utaratibu utamke kwamba vinaripotiwa siku hiyohiyo na mwalimu yeyote aliyevipokea, na mzazi wa mtoto aliyetendewa aarifiwe pamoja na wa mtuhumiwa. Kwa yanayobaki katikati, kama wizi na mapigano, waamue watu watatu, mmoja wao awe mwakilishi wa wazazi, na sababu zao ziandikwe kwenye kitabu ambacho bodi itakikagua kila muhula. Kituoni nako ombeni mpewe afisa mmoja anayeshughulikia masuala ya watoto, aje bila sare inapowezekana, na apitie ofisini kabla ya kufika darasani.