Naomba ushauri: nitajuaje mteja yupi ananiingizia faida kweli?

Wakuu, salaam. Nauza sabuni na mafuta ya kula kwa jumla hapa Dar, nasambaza kwa Kirikuu mbili (vigari vidogo vya mizigo). Mhasibu wangu anajumlisha mafuta ya gari, posho za madereva na vibarua wa kupakia kwenye fungu moja, kisha anawagawia wateja kulingana na mauzo. Hapo ndipo hatuelewani.

Kuna supamaketi inachukua mzigo mkubwa, lakini inalipa baada ya siku 60, inarudisha katoni zilizobonyea, na gari linasota nusu siku likisubiri kushusha. Mama mwenye duka Mbagala anachukua katoni tatu, keshi mkononi, anashusha na wanawe. Kwenye vitabu supamaketi ndiyo mfalme! Wa Kigamboni nao kila safari ni pantoni au tozo ya daraja, kwa oda ndogo tu.

Nataka kugawa gharama kwa safari, saa za gari na siku za mkopo. Mliofanya hivyo, dereva anaandika nini bila kuchoshwa na makaratasi? Pesa iliyolala kwa mteja mnaihesabia riba ya benki? Na kodi ya stoo mnaigawaje? Naogopa kumwacha mteja mkubwa kumbe ndiye anayeibeba biashara.